Je, shujaa wa katuni anapaswa kumwachia mwingine joho lake?

Mchoraji wa Ngamiani (mwanzisha mada)

Wanajukwaa, assalaam alaykum, na kwa wakubwa zangu shikamooni.

Kazi yangu ni kuchora mabango ya maduka hapa Ngamiani, na usiku, kazi za watu zikiisha, huchora yangu mwenyewe: hadithi ya katuni kuhusu nahodha mmoja aitwaye Kusi, ambaye upepo wa kusi ukivuma humpa nguvu za kuwakabili wavuvi wa baruti katika ghuba yetu ya Tanga. Madaftari matatu yamekwisha, na yamepita mikononi mwa watoto wa mtaa mzima hadi majalada yamechanika. Katika daftari la nne nimekusudia Kusi azeeke, achoke, na ampe Mwanahawa, binti wa rafiki yake, jina lake, kilemba chake na kazi yake.

Mpwa wangu wa miaka 13, ambaye ndiye msomaji wangu wa kwanza na mkali kuliko wote, amekataa katakata. Hoja yake ni ileile tuliyokua nayo sote katika vibanda vya video: stelingi hafi, na asiyekufa hana cha kurithisha. Nilipomwuliza kwa nini basi fulana yake ina picha ya Spider-Man ambaye ni Miles Morales, wala si Peter Parker niliyemjua mimi, alinijibu kwa utulivu kwamba huyo ndiye Spider-Man wa kweli na kwamba Peter ni wa wazee. Mimi nina miaka 38.

Tangu siku hiyo kalamu imekuwa nzito. Nawaulizeni: mashujaa wakubwa, wale ambao hata mtu asiyewahi kufungua kitabu cha katuni huwatambua kwa nembo ya kifuani, wanapaswa kuwaachia wengine joho, kwa maana ya jina, vazi na wajibu? Au ni heri wabaki walivyo, kama Superman, aliyeanza mwaka 1938 na hadi leo ni kijana?

Bi Mkubwa wa Chumbageni

Marahaba, mwanangu. Nilifundisha fasihi miaka mingi kabla ya kustaafu, kwa hiyo utanivumilia nikianzia mbali.

Shujaa mkubwa kuliko wote katika pwani yetu ni Fumo Liyongo, na ukimtazama vizuri utaona hana anachopungukiwa mbele ya hao wa Marekani: ana nguvu zinazowashinda majeshi, ana adui mwenye enzi, na ana siri moja ya mwili inayoweza kumwua, nayo ni sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Sasa tazama ni nani aliyeipata siri hiyo. Ni mwanawe wa kumzaa, aliyeahidiwa makuu na mfalme, akaenda kumwuliza baba yake kwa unyenyekevu wa mtoto, naye baba akamwambia. Katika utendi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, Liyongo akiisha kuchomwa usingizini huchukua upinde wake, huenda hadi kisimani, hupiga goti akiwa ameupachika mshale, na hufa katika hali hiyo, na watu wa mji hukaa na kiu wakiogopa kusogea kwa kudhani yu hai. Yule mtoto hakupata faida yoyote ya tendo lake, na hakuna Liyongo wa pili. Ingekuwa rahisi sana kwa mtunzi kumfanya mwana ajute, auchukue upinde na kuitwa Liyongo mpya, na hadithi ingekuwa ndogo kuanzia siku hiyo.

Ninavyoona mimi, jina la shujaa ni jeraha lake. Batman, aliyeanza mwaka 1939, si vazi jeusi wala si gari. Ni mtoto aliyesimama uchochoroni akiwaona wazazi wake wakiuawa kwa risasi. Vazi unaweza kumpelekea fundi akamshonea mtu mwingine yeyote, lakini jeraha lile halina vipimo vya mtu mwingine. Watunzi wake wenyewe walilijaribu jambo hili mwaka 1993, adui yake Bane alipomvunja mgongo Bruce Wayne, ambaye ndiye Batman mwenyewe, na Jean-Paul Valley akavaa nafasi yake, na kilichotokea ni mtu mkatili ndani ya chuma, hadi ikabidi mwenyewe arudi kumvua.

Hapa kwetu Tanga tumemsikiliza Shakila tangu enzi za Black Star na Lucky Star. Alifariki mwaka 2016. Macho Yanacheka huimbwa na wengi, na wengine wanauimba vizuri, lakini sijamwona aliyepanda jukwaani akajiita Shakila. Huyo Mwanahawa mpe wimbo, usimpe jina.

Mgosi wa Vugha

Bi Mkubwa, shikamoo. Liyongo nakuachia, maana simwezi. Lakini pwani ina Liyongo, na milima ya Usambara ina Mbegha, na Mbegha anasema jambo jingine kabisa.

Mbegha alikuwa mwindaji wa nguruwe mwitu aliyetoka Ngulu, akapewa utawala wa Usambara na kukaa Vugha. Alipofariki, wazee wachache waliokuwa karibu naye waliificha habari hiyo hadi mwanawe Bughe alipoletwa na kuwekwa mahali pake, ili wananchi waliposikia kifo wasikie pamoja nacho kwamba kiti hakiko wazi. Kuanzia hapo kila Mkilindi, yaani mtu wa ukoo wa Mbegha, aliyetawala Vugha aliitwa Simbamwene. Jina hilo halikuwa jeraha la mtu mmoja. Lilikuwa kiti, na kiti hutengenezwa ili kikaliwe.

Wachora katuni waliitambua mbinu hiyohiyo mapema mno, kabla hata ya Superman kuzaliwa. Mwaka 1936 Lee Falk alimleta Phantom, ambaye maadui humdhani hafi kwa sababu wamemwona kwa karne nne, kumbe ni wa 21 katika mstari wa baba na mwana, kila mmoja akiapa juu ya fuvu na kuvaa vazi lilelile baba akifa. Kwa ufundi wa hadithi napiga saluti. Kwa mengine siwezi, kwa sababu msitu anaoulinda kwa muda mrefu umechorwa kuwa wa Afrika, na vizazi 21 vya ukoo mmoja wa Kizungu vimerithishana ulinzi wake huku wenyeji wakipiga ngoma na kupeleka habari. Wanaosema kurithisha joho daima ni jambo la maendeleo wangelitafakari hilo kwanza, kwa sababu urithi unaweza pia kuwa njia ya kuhakikisha joho halitoki nyumbani.

Nadhani tunachanganya mambo mawili. Coastal Union walipochukua ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988, wachezaji waliokuwa uwanjani walikuwa watu, na Coastal ilikuwa klabu. Watu wale wamestaafu wote, na klabu tunaishangilia na kuilaumu hadi leo. Swali la kumwuliza kila shujaa ni hili: wewe ni mchezaji au ni klabu? Green Lantern, mlinzi mwenye pete ya nguvu, ni klabu bila ubishi. Hadithi yenyewe inasema ulimwengu umegawanywa katika sekta 3,600 na kila sekta ina walinzi wake, na pete humtafuta mwingine aliyevaa akifa. Ndiyo maana Hal Jordan wa mwaka 1959, John Stewart wa mwaka 1971 na Kyle Rayner wa mwaka 1994 wote wanaitosha, na mtoto aliyemfahamu Green Lantern kupitia katuni za televisheni zilizoanza mwaka 2001 anamjua kuwa mtu mweusi, John Stewart, na hashangai hata kidogo.

Batman, Bi Mkubwa, ni mchezaji. Hapo tuko pamoja.

Mfano mzuri zaidi kwa mchoraji wetu ni Flash, shujaa wa mbio, aliyekuwa mchezaji akageuka klabu mbele ya macho ya wasomaji. Jay Garrick alikuwa wa kwanza, mwaka 1940, na Barry Allen akaja mwaka 1956 akiwa mtu mwingine kabisa aliyelipenda jina hilo kwa kulisoma katika kitabu cha katuni. Barry alikufa mwaka 1985 akiuokoa ulimwengu, na Wally West, mpwa wa mkewe, ambaye alikuwa akimfuata tangu utotoni, akalichukua jina. Tena hakulichukua kwa kiburi; kwa miaka mingi hadithi zake zilihusu kijana anayeogopa kwamba hatafika alipofika yule aliyemtangulia. Barry hakurudi rasmi hadi mwaka 2008. Mtoto aliyeanza kusoma Wally alipovaa nyekundu alikuwa mtu mzima kufikia wakati huo, na kwake Flash alikuwa Wally. Kwa hiyo, mgosi wa Ngamiani, huenda mpwa wako anaelewa zaidi ya sisi sote.

Kijana wa Makorora

Wakubwa wangu shikamooni. Mimi sina tatizo na kurithisha. Tatizo langu ni kurudi.

Superman aliuawa katika toleo la 75 mwishoni mwa mwaka 1992, dunia nzima ikaandika habari zake, wakajitokeza wanne kudai nafasi yake, na kabla mwaka 1993 haujaisha mwenyewe alikuwa ameamka. Captain America, yaani Steve Rogers, alipigwa risasi mwaka 2007, rafiki yake Bucky akachukua ngao mwaka 2008, na kufikia mwaka 2011 ngao ilikuwa imerudi kwa Steve Rogers. Kisha mwaka 2014 akapewa Sam Wilson, kisha mzunguko ukaendelea. Haya si matanga. Ni matanga ambayo marehemu atakuja kula pilau yake mwenyewe, na mimi sitoi rambirambi zangu hapo mara ya pili.

Katika filamu mambo ni tofauti kidogo, kwa sababu waigizaji wana miili na miili inazeeka. Mwaka 2019 Steve Rogers alionekana mzee ameketi kwenye benchi akimkabidhi Sam ngao, na tuliamini kwa sababu tulikuwa tumemtazama mwigizaji yule kwa miaka minane. Chadwick Boseman, aliyemwigiza T'Challa, yaani Black Panther, alipofariki tarehe 28 Agosti 2020, watengenezaji hawakumtafuta mtu mwingine wa kumwigiza T'Challa. Walimfanya T'Challa naye afe, na katika filamu ya mwaka 2022 dada yake, Shuri, akavaa vazi la Black Panther. Wapo mashabiki waliolalamika kwamba mhusika hakupaswa kuzikwa pamoja na mwigizaji, na hoja yao ina uzito. Lakini nilipoitazama nilihisi kitu ambacho hakuna kitabu cha katuni kilichonipa, nacho ni kwamba huyu harudi.

Fundi Wino

Ndugu zangu, mnazungumza kana kwamba uamuzi wa kurithisha ni wa mtunzi. Nimefanya kazi katika uchapaji kwa muda mrefu na naona mmeruka ukurasa wa kwanza.

Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wawili waliombuni Superman, waliuza haki zake kwa mchapishaji mwaka 1938 kwa dola 130. Kuanzia siku ile Superman hakuwa mtoto wao tena. Alikuwa mali, na mali haistaafu. Mwenye mali hataki azeeke kwa sababu kila mtoto anayezaliwa ni mnunuzi mpya wa Superman yuleyule, na hataki pia abaki palepale kwa sababu wanunuzi wa zamani watachoka. Suluhisho lililopatikana ni hili ambalo Kijana wa Makorora amelilalamikia: mwue, mpe mwingine joho, uza matoleo, mrudishe, uza tena. Peter Parker alikuwa kijana wa miaka 15 mwaka 1962. Kama kalenda ingemhesabia sawasawa, leo angekuwa babu wa zaidi ya miaka 75, na hakuna anayeuza madaftari ya shule yenye picha ya babu. Haki za Superman yule wa kwanza zinamalizika Marekani mwanzoni mwa mwaka 2034, baada ya miaka 95, na kuanzia hapo mtu yeyote atakuwa na ruhusa ya kumchora yule wa mwaka 1938, amzeeshe, amzike. Hapo ndipo tutakapojua watunzi walikuwa wanataka nini.

Kama mnafikiri nazidisha, kumbukeni Jason Todd, wa pili kuitwa Robin, yule kijana msaidizi wa Batman. Mwaka 1988 wachapishaji waliweka namba mbili za simu ambazo wasomaji walizilipia, moja ya kumwokoa na moja ya kumwua. Kura 5,343 zilisema afe na 5,271 zilisema aishi. Kijana aliyerithi joho alikufa kwa tofauti ya kura 72, na mwaka uliofuata Tim Drake alikwishaletwa. Dick Grayson, Robin wa kwanza, alikuwa ameona mbali: mwaka 1984 alikuwa tayari ameliacha jina lile na kujiita Nightwing.

Sisi wenyewe tuna mfano ambao hakuna aliyeutaja. Ndumilakuwili wa jarida la Sani alibuniwa na Philip Ndunguru, na Ndunguru alipofariki mwaka 1986 wachoraji wengine waliendelea kumchora. Ndumilakuwili hakumrithisha mtu yeyote chochote, maana angekuwa amekiuza kabla. Kilichorithiwa ni kalamu. Wasomaji wa wakati ule waliona mstari umebadilika, pua na macho vimebadilika, na bado wakacheka. Kwa maoni yangu huo ndio urithi wa kweli katika kazi hii, na mchoraji wa Ngamiani, ambaye hakuna anayemmiliki, ajiulize kwanza nani atachora daftari la kumi yeye akiwa amechoka.

Bi Mkubwa wa Chumbageni

Nimerudi, na nimerudi kwa sababu mjukuu wangu alinisomea jibu langu la kwanza kwa sauti kisha akanitazama kwa huruma, jambo ambalo silipendi.

Ameniketisha nikatazama ile filamu ya Miles Morales ya mwaka 2018, na akanieleza kwamba kijana huyo alibuniwa mwaka 2011 na Brian Michael Bendis na Sara Pichelli kwa ajili ya ulimwengu wa pembeni ambao Peter wake alikuwa ameuawa, kisha ulimwengu ule ulipofungwa mwaka 2015 akahamishiwa kwenye ulimwengu wa Peter aliye hai. Sasa wako wawili wenye jina moja katika mji mmoja. Nilimwambia mafahali wawili hawakai zizi moja, akanijibu kwamba New York si zizi.

Jambo lililonigusa ni ami yake. Miles hakupewa jeraha la Peter alivae kama koti la mtumba. Alimpoteza ami yake mwenyewe, Aaron, tena akiwa ameshajua kwamba ami huyo ni mhalifu, na Peter hakuwahi kupewa huzuni ya namna hiyo. Ben, ami yake Peter, alikuwa mtu mwema tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo narekebisha neno langu. Nilisema jeraha halirithiwi, na bado nasema hivyo. Lakini mrithi akija na jeraha lake mwenyewe, na mtunzi akampa nafasi ya kuliuguza mbele yetu, siwezi kusema jina halimtoshi. Kinachonikera ni mrithi anayepewa joho kwa sababu zamu imefika, akalivaa siku hiyohiyo na likamkaa barabara.

Mgosi, hilo la klabu na mchezaji nimelipenda, na nitaliiba.

Mchoraji, hujatuambia Mwanahawa amepoteza nini.

Mgosi wa Vugha

Liibe tu, Bi Mkubwa. Ila Fundi Wino amenikosesha usingizi, kwa sababu kama ni mali, basi hata klabu ina mwenyewe.

Mchoraji wa Ngamiani

Nawashukuru sana, na samahani kwa kukaa kimya. Nilikuwa nikichora, na kila nilichochora nilikifuta.

Swali la Bi Mkubwa ndilo lililonitoa jasho, kwa maana ukweli ni kwamba Mwanahawa wangu hakuwa amepoteza kitu. Alikuwa binti hodari mwenye macho makubwa, basi. Nilikuwa nampa kilemba kwa sababu mimi ndiye niliyechoka na Kusi, si kwa sababu hadithi ilimhitaji yeye. Sasa nimemrudisha nyuma hadi daftari la pili, kwenye ule mlipuko uliovunja mwamba wa samaki, na nimemweka baba yake ndani ya mtumbwi. Hakufa, lakini mkono wake wa kulia haupo, na aliyetega baruti ile alikuwa yeye mwenyewe. Wenye madaftari ya zamani itabidi wayarudishe niongeze kurasa, na najua sitayapata yote.

Kuhusu jina, nilimsomea mpwa wangu majibu yenu yote usiku wa jana, umeme ulipokatika, kwa mwanga wa simu. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa nini watu wazima wanahangaika namna hii wakati upepo wenyewe hauna shida hiyo. Kusi ikimaliza miezi yake inaondoka, na mwishoni mwa mwaka inakuja kaskazi, na hakuna baharia anayeiita kaskazi "kusi mpya". Mwanahawa ataitwa Kaskazi, alisema, na kilemba atakata mwenyewe, cha rangi nyingine. Nikaona jambo limekwisha na nikamshukuru.

Akaongeza kwamba Kusi lazima arudi mwezi wa Aprili, kwa kuwa kusi hurudi kila mwaka. Nilimsomea tena maneno ya Kijana wa Makorora kuhusu marehemu na pilau. Hakutikisika. Anasema Kusi hajafa, ameondoka tu, na kuondoka si kufa, na kama sitaki arudi basi nisingempa jina la upepo.

Kurasa sita zimekwisha, hadi pale Kusi anapomkabidhi Mwanahawa usukani na kushuka ufukweni akiwa kichwa wazi. Ukurasa wa saba ninao hapa mezani, mweupe. Mpwa ameandika pembeni yake kwa penseli: "Aprili."